Kutoka Malta hadi Lemera: Habari za Waganga wa Homa

Mtu akitoka Uvira, akafuata uwanda wa Ruzizi kuelekea Bukavu, kisha akaiacha barabara kubwa na kuanza kupanda milima ya Wafuliru, mwishowe hufika Lemera. Chini ameacha joto, mashamba ya mpunga na mbu wasiohesabika. Huku juu anakuta hewa ya baridi na hospitali ambayo jina lake linajulikana mbali sana. Hospitali hiyo si yetu sisi Wakatoliki. Ilijengwa na wamisionari Wapentekoste wa Sweden, na hata leo imo mikononi mwa ndugu zetu Waprotestanti. Lakini mama mwenye mtoto aliyeshikwa na homa kali haulizi kwanza mambo ya dini, na wengi wetu wa kando ya ziwa twawajua jamaa waliopelekwa Lemera kwa machela wakarudi kwa miguu yao.

Katika kurasa hizi twataka kusimulia jambo ambalo watu hawalifikirii sana: je, waganga wenye kuzijua homa zetu walifundishwa wapi? Nani aliwalipia? Na wakiisha kufundishwa, walirudi?

Yafaa kwanza tueleze maana ya ubingwa huu, kwa kuwa wengi hudhani daktari ni daktari tu, kama vile chumvi ni chumvi. Sivyo. Daktari anayetoka chuoni amejifunza habari za mwili mzima, lakini kila jambo kidogo. Bingwa wa magonjwa ya kuambukiza ni daktari aliyekwisha kupata cheti chake, kisha akarudi tena kuwa mwanafunzi. Huko Marekani, kwa mfano, hukaa kwanza miaka 3 hospitalini akijifunza magonjwa ya ndani ya watu wazima, halafu miaka 2 au zaidi tena kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza peke yake. Wakati huo hupewa posho na chumba cha kazi, na huwa chini ya wakubwa wanaomwuliza kila asubuhi: kwa nini umempa mgonjwa huyu dawa hii? Kazi yake ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuitambua homa: mtoto wa Luvungi mwenye mwili wa moto huambiwa mara moja kuwa ana malaria, na mara nyingi ni kweli, lakini yaweza kuwa homa ya matumbo, au ya uti wa mgongo, au ya papasi, na kila moja ina dawa yake. Ya pili ni kujua ni dawa zipi ambazo vijidudu vimekwisha kuzizoea. Ya tatu, iliyo ngumu kupita zote, ni kuuzuia ugonjwa usitoke kitanda hiki kwenda kitanda kile. Hiyo sehemu ya tatu tutairudia, maana imewaua watu wengi, na masista wetu wamo.

Sasa turudi nyuma. Mapadre wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879, na mwaka uleule wakapanda kaskazini hadi Rumonge. Mwaka 1881 mapadre wawili na msaidizi wao waliuawa huko Rumonge. Hata hivyo mkuki haukuwaua wengi kama homa. Misafara ilitoka Bagamoyo na watu wazima wenye nguvu, ikafika ziwani imepungua. Kardinali Lavigerie, aliyekuwa mkubwa wao huko Algiers, alizipata habari hizo kwa barua, akaona kwamba kuleta daktari wa Ulaya kila mara ni kazi bure: gharama ni kubwa, na daktari mwenyewe huugua kabla hajajua lugha ya wagonjwa wake.

Basi akafanya shauri ambalo kwa siku zile lilikuwa la ajabu. Aliwakusanya vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, akafungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, nao wakapelekwa katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho kujifunza uganga. Hakutaka wawe mapadre. Alitaka waoe, wale chakula cha watu, wakae katika nyumba kama za watu, wafundishe dini na kutibu. Aliwaita waganga-makatekista. Nyumba hiyo haikuishi miaka mingi, ilifungwa mwaka 1896, na wengi wa wanafunzi wake hawakudumu katika kazi waliyokusudiwa. Ukihesabu kwa fedha tu, utasema Kardinali alipata hasara. Lakini mmoja wao alifika kando ya ziwa letu.

Jina lake Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tindirma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alitekwa angali mtoto mdogo, akavukishwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine, na mapadre wakamkomboa kwa fedha huko Algeria. Walimsomesha, wakampeleka Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, upande wa mashariki wa Tanganyika, akiwa kijana wa miaka kama 23. Alioa huko, akamwoa Agnes Wansabira wa ukoo wa watawala wa Wabende, na mtoto wao akawa padre. Naye Atiman hakuondoka tena Karema. Alifanya kazi yake hapo mpaka alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67.

Hebu tulifikirie jambo moja. Mwaka aliotoka Malta, hakuna mtu duniani aliyejua kwamba malaria huletwa na mbu. Laveran alikuwa amekiona kijidudu cha malaria mwaka 1880, hukohuko Algeria, lakini habari ya mbu ilithibitishwa na Ross huko Bara Hindi mwaka 1897 tu, wakati Atiman amekwisha kukaa Karema miaka 8. Habari ya mbung'o na malale ilikuja baadaye zaidi. Kwa hiyo mambo makubwa ya kazi yake hayakuwamo katika vitabu alivyosomeshwa. Ilimbidi ajifunze kwa wagonjwa wenyewe na kwa wazee waliojua mizizi na majani ya nchi, kisha alinganishe na yale ya Malta. Wale wanaosema kwamba mtu akiisha kupata cheti amemaliza kusoma, wamtazame mganga huyu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliingia kandokando ya maziwa yetu. Uganda walikufa watu zaidi ya 200,000 katika miaka michache. Pwani za Tanganyika, upande wetu na upande wa Burundi, ziliguswa vibaya. Vijiji vya karibu na maji vilihamishwa. Hapo ndipo wazungu walipoamka na kuanza kutuma wataalamu. Robert Koch, Mjerumani mashuhuri, alikaa visiwa vya Ssese katika Uganda miaka ya 1906 na 1907 akiwajaribia wagonjwa dawa yenye aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda, na wengine wakapofuka. Na upande wa Kongo walikuja waganga kutoka Liverpool. Mmoja wao, Joseph Everett Dutton, alikuwa hajafika hata miaka 30. Pamoja na mwenzake Todd walichunguza homa inayokuja na kurudi, wakagundua kwamba huletwa na papasi, wale wadudu wanaojificha katika nyufa za kuta na kutoka usiku. Dutton mwenyewe alishikwa na homa hiyohiyo, akafa Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 Februari 1905. Kijidudu cha homa ya papasi kimepewa jina lake hata leo.

Zikajengwa shule za magonjwa ya nchi za joto: Liverpool, London, Hamburg, na mwaka 1906 shule ya Wabelgiji huko Brussels, iliyohamia Antwerp katika miaka ya 1930. Mtu akitazama majina hayo ataona kwamba karibu yote ni miji ya bandari. Homa zilikuwa kwetu, shule zilikuwa kule zilikofika meli. Daktari Mbelgiji aliyetaka kuja Kongo alipita kwanza Antwerp kusoma miezi kadhaa, akaangalia vijidudu katika darubini, akapewa cheti, akapanda meli. Hatusemi walikuwa wajinga. Wengi wao walifanya kazi kubwa, na malale yalipungua sana kwa sababu yao. Twasema tu kwamba elimu hiyo ilipanda meli kuja na ikapanda meli kurudi.

Je, Wakongo? Walifundishwa, lakini mpaka kiasi. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha kazi yake ya uganga Kisantu, ikiitwa kwa kifupi FOMULAC, na baadaye ikawa na hospitali Katana pia, kwetu huku Kivu. Léopoldville ilifunguliwa shule ya wasaidizi wa madaktari katika miaka ya 1930. Vijana hao walichaguliwa kwa ukali, wakasoma miaka mingi, wakajua kupima damu, kupasua na kuzalisha. Walijua homa za nchi kuliko Mbelgiji aliyeshuka jana. Lakini hawakuitwa madaktari. Waliitwa wasaidizi, na msaidizi alikuwa chini ya daktari hata kama ana mvi na daktari ana miaka 26. Wazee wetu waliowaona wanasema kwamba wagonjwa walimtafuta msaidizi kwanza. Sheria ilisema hivi, na watu wakasema vingine.

Uhuru ukaja tarehe 30 Juni 1960. Katika nchi yote, kubwa kama ilivyo, hakukuwa na Mkongo hata mmoja aliyehitimu udaktari katika chuo kikuu cha nchini. Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima karibu na Léopoldville, kilikuwa bado hakijatoa daktari wake wa kwanza. Katika wiki chache za ghasia mamia ya waganga Wabelgiji waliondoka, na hospitali nyingi zikabaki na wauguzi, masista na hao wasaidizi. Ndipo Shirika la Afya Duniani lilipofanya jambo la haraka: pamoja na kutuma waganga wa nchi mbalimbali, liliwapa makumi ya wasaidizi wa Kongo msaada wa masomo, wakaenda Ufaransa kumalizia elimu. Kwa kuwa walijua mengi tayari, hawakuanza alifu kwa kijiti. Baada ya miaka michache walirudi wakiwa madaktari kamili. Watu walewale, mikono ileile. Kilichobadilika ni karatasi na mshahara. Sisi twaona kwamba habari hii haisimuliwi vya kutosha katika shule zetu.

Kati ya vijana waliosoma Lovanium alikuwamo Jean-Jacques Muyembe, aliyezaliwa mwaka 1942 katika nchi ya Kwilu. Alimaliza udaktari mwaka 1969, akapata nafasi ya kwenda Ubelgiji, Leuven, kusoma habari za virusi, akapata shahada yake ya juu mwaka 1973. Angeweza kukaa kule. Akarudi.

Mwaka 1976, mwezi wa Septemba, alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, kwenye misioni ya masista Waflemi. Homa isiyojulikana ilikuwa inawaua watu. Muyembe aliwatoa wagonjwa damu bila glavu, maana hazikuwapo, akaona jambo ambalo hajaliona popote: mahali penye tundu la sindano paliendelea kutoka damu. Alinawa kwa maji na sabuni, ndiyo kinga yake. Kisha akamchukua sista mmoja mgonjwa mpaka Kinshasa. Sista akafa, na damu yake ikapelekwa Antwerp katika chupa ya chai ya kutunzia joto. Huko vijana wa maabara, mmoja wao Peter Piot, waliona kirusi kipya. Kikaitwa Ebola, jina la mto ulio karibu na Yambuku.

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama ni mchungu kwetu. Hospitali ya Yambuku ilikuwa na vitanda 120, lakini haikuwa na daktari. Masista walifanya kazi usiku na mchana kwa moyo mwema kabisa. Kila asubuhi zilitolewa sindano 5 kwa wagonjwa wote wa nje, zikatumika siku nzima kutoka mtu hata mtu, zikisuuzwa tu kwa maji. Kwa njia hiyo homa iliwafuata akina mama waliokuja kudungwa dawa za kuongeza nguvu wakati wa ujauzito. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya watumishi 17 wa hospitali walikufa 11. Huruma ilikuwapo tele Yambuku, lakini hakukuwapo mtu aliyefundishwa kuuzuia ugonjwa usivuke kutoka kitanda mpaka kitanda. Hiyo ndiyo ile sehemu ya tatu tuliyoitaja.

Miaka 19 ikapita. Mwaka 1995 Muyembe aliitwa tena, safari hii Kikwit, nchi yake ya kuzaliwa. Watu 315 waliugua, na yapata 250 wakafa. Walikuwamo masista 6 Waitalia wa shirika la Poverelle la Bergamo, ambao waliuguzana, mmoja akimfuata mwingine kaburini. Lakini Kikwit haikuwa kama Yambuku. Muyembe alikuwa na la kufanya: kuwatenga wagonjwa, kufundisha namna ya kuzika, kuvaa glavu na barakoa. Tena, walipoona hakuna dawa, yeye na wenzake Wakongo waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Wakapona 7. Wataalamu wa nje walitilia shaka, wakisema pengine hao wangepona wenyewe. Muyembe hakuliacha wazo lake. Kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilitengenezwa baada ya miaka mingi dawa iliyojaribiwa kwetu mashariki, katika Ebola ya 2018 hadi 2020, na mwezi wa Agosti 2019 ikaonekana kuwa mojawapo ya mbili zinazookoa. Ebola hiyo iliwashika watu 3,470 na kuwaua 2,287, zaidi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Hata Mwenga, katika jimbo letu, ilifika mwaka 2019. Huko Beni na Butembo madaktari vijana wengi wa Kongo walijifunza kando ya kitanda, ndani ya mavazi ya plastiki yenye joto la tanuru, mambo ambayo hakuna shule ya Ulaya ingeweza kuwaonyesha.

Twataja pia habari ya Uganda, kwa kuwa hospitali ni ya Kanisa. Gulu kuna hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, iliyokuzwa na Piero Corti na mkewe Lucille Teasdale. Lucille, mpasuaji, alipata UKIMWI kwa kujikata akiwa kazini, akafa mwaka 1996. Daktari waliyemlea ni Matthew Lukwiya, Mwacholi, aliyefika pale mwaka 1983. Walimtuma Liverpool, shule ileile ya Dutton, kusoma magonjwa ya watoto wa nchi za joto. Alifanya vizuri mno, akarudi Gulu penye vita. Mwezi wa Oktoba 2000 wanafunzi wauguzi wake walianza kufa. Alikesha akisoma madaftari ya wagonjwa na vitabu, akatambua ni Ebola kabla maabara haijasema, akapiga simu Kampala, akafungua wadi ya kutenga. Watu 425 waliugua katika Uganda, wakafa 224. Naye Lukwiya aliambukizwa akimhudumia muuguzi mwenzake, akafa tarehe 5 Desemba 2000, umri wake miaka 43. Alizikwa katika uwanja wa hospitali, karibu na Lucille. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti, mkubwa wa hospitali ya Kikatoliki.

Sasa turudi Lemera, ambako mambo yamegeuka: Mprotestanti katika hospitali ya Kiprotestanti, akawa daktari wetu sote. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, alisoma udaktari Burundi, akaja Lemera mwaka 1983. Alikuwa na nia ya kuwatibu watoto. Lakini mlangoni mwa hospitali alikuta akina mama waliobebwa kutoka milimani, wanatoka damu, wengine wamekwisha kufa njiani. Basi akabadili shauri, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza ubingwa wa uzazi, akarudi Lemera mwaka 1989. Watu walimwuliza kwa nini hakubaki. Twajua hata sasa wako wanaoulizwa hivyo, na wako waliobaki. Hatuwalaumu wote: mtu mwenye watoto shuleni na mshahara usiolipwa miezi sita ana hesabu zake.

Halafu ulikuja mwaka 1996. Uwanda wa Ruzizi ulikuwa umejaa wakimbizi wa Burundi na Rwanda, zaidi ya 200,000 katika kambi za upande wa Uvira, na kipindupindu na kuhara damu vilikuwa jirani wa kila siku. Tarehe 6 Oktoba watu wenye silaha waliingia hospitali ya Lemera usiku. Waliwaua wagonjwa vitandani na wauguzi katika nyumba zao, zaidi ya watu 30. Mukwege hakuwapo; alikuwa amemsindikiza mgonjwa. Mwezi uleule, tarehe 23, yalitiwa sahihi yale yanayoitwa Mapatano ya Lemera, yaliyoanzisha muungano wa Laurent-Désiré Kabila. Vitabu vya siasa hulitaja jina la Lemera kwa ajili ya sahihi hizo. Sisi wa huku twalikumbuka kwa ajili ya vitanda. Mukwege alianza upya Bukavu, akafungua hospitali ya Panzi mwaka 1999, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tunaposema gharama ya kumfundisha bingwa, watu huhesabu ada, tikiti ya ndege na posho. Yafaa waihesabu na Lemera. Miaka 6 ya kumwandaa daktari mmoja, miaka 7 ya kuijenga kazi yake, na usiku mmoja wa kuiharibu.

Siku hizi kuna njia nyingine ambazo zamani hazikuwapo. Kampala, kwenye kilima cha Mulago, Chuo Kikuu cha Makerere kina taasisi ya magonjwa ya kuambukiza, ambayo jengo lake lilifunguliwa mwaka 2004, nayo imewapitisha waganga wa nchi nyingi za Afrika, kwanza kwa ajili ya UKIMWI, kisha kwa kifua kikuu, malaria na homa za kutoka damu. Kinshasa iko Taasisi ya taifa ya kuchunguza viumbe vya magonjwa, INRB, iliyoanzishwa mwaka 1984, na iliyoongozwa na Muyembe miaka mingi. Dawa mpya ya malale, vidonge vya kumeza siku 10 badala ya sindano za aseniki zilizomuua karibu mgonjwa mmoja katika 20, ilijaribiwa hasa katika Kongo, chini ya daktari Mkongo Victor Kande, ikapata kibali mwaka 2018. Kutoka Koch mpaka Kande ni zaidi ya miaka 100.

Lakini mtu wa Lemera akiitazama ramani, ataona shida yake. Kinshasa ni mbali kama nchi ya kigeni, na hakuna barabara ya kufika; ni ndege tu. Kampala ni karibu zaidi, lakini masomo ya huko ni kwa Kiingereza, na yeye amesoma kwa Kifaransa tangu utoto. Angeweza kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili kuanzia Uvira hadi Mombasa, ila mtihani hauulizwi kwa Kiswahili. Katika hospitali nyingi za wilaya daktari ni mmoja au wawili, wa kazi zote: asubuhi kupasua, mchana watoto, usiku uzazi. Akienda kusoma miaka 3, nani atashika zamu yake? Waliompa msaada wa masomo hufikiri habari zake yeye. Mara chache hufikiri kitanda anachokiacha.

Na homa hazingoji arudi. Mwaka 2024 ile ndui ya nyani iitwayo mpox, iliyoanza kuenea kutoka machimbo ya Kamituga mwaka uliotangulia, ilishuka mpaka ziwani, na hospitali kuu ya Uvira ikawapokea wagonjwa wengi. Kipindupindu nacho kimekuwa mwenyeji wa pwani hii tangu miaka ya 1970. Kuhusu hicho liko jambo moja lililogunduliwa hapahapa Uvira, ambalo twapenda kulieleza, maana halikuhitaji mashine kubwa. Wachunguzi walitaka kujua kwa nini wagonjwa huongezeka ghafla wiki fulani na kupungua wiki nyingine. Walichukua daftari mbili zilizokuwapo mjini: daftari la kituo cha kipindupindu, lililoandikwa kila siku waliolazwa ni wangapi, na daftari la mtambo wa maji, lililoandikwa kila siku yametolewa maji kiasi gani. Wakaziweka pamoja, kurasa za miaka 5, kuanzia 2009 hadi 2014. Wakaona kwamba maji yakikatika mabombani siku moja nzima, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa huongezeka kupita mara mbili ya kawaida, na zaidi katika mitaa ile inayotegemea bomba. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Akina mama wa Mulongwe na Kasenga, wanaoshuka na ndoo ziwani bomba linapokauka, walikuwa wakilisema jambo hilo tangu zamani.